Unakwenda Lisbon? Maswali ya Wasafiri na Majibu Yake

Wasafiri wetu wengi wakitaja Ulaya hutaja London, Paris au Roma. Lisbon huja mwisho wa orodha, ilhali meli za mji huo zilifika Mombasa na Malindi tangu Aprili 1498. Siku hizi wanaoniuliza habari zake wameongezeka. Haya ndiyo maswali yanayojirudia.

Nianze na tiketi au viza?

Viza. Ureno imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo ombi hupelekwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ikiwa Ureno haina ubalozi kwenu, ulizia ni nchi gani inayopokea maombi kwa niaba yake. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Mimi husema miezi miwili, maana miadi yenyewe ina foleni. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000, na pasipoti ibakiwe na angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Tiketi ya ndege wekesha nafasi tu. Usiilipie fedha isiyorudi kabla viza haijatoka. Tena usikope fedha za kujaza akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Maofisa wanasoma taarifa ya benki mstari kwa mstari, na fedha iliyoingia kwa kishindo inazua maswali.

Mwezi gani ni mzuri?

Mei, au Septemba. Julai na Agosti jua ni kali na watu ni wengi. Novemba hadi Februari ni mvua, lakini vyumba hushuka bei. Usiku wa kuamkia Juni 13 ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, yule tunayemwita wa Padua ingawa alizaliwa Lisbon. Mtaa wa Alfama hujaa moshi wa sardini za kuchoma, muziki na watu hadi alfajiri. Ukipenda usingizi, panga chumba mtaa mwingine.

Tuna siku nne, na mama anasumbuliwa na goti. Tutaweza?

Mtaweza, mkiacha tabia ya kukimbia huku na huku. Lisbon ni mji wa vilima. Ramani itakuonyesha mita mia tatu, miguu ikute ngazi tupu. Siku moja iwe ya mtaa mmoja.

Chumba tafuteni Baixa, kwenye tambarare, na sababu ya mitaa yake kunyooka inafaa kujulikana kabla ya kufika. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko liliupiga mji. Likafuata wimbi la bahari lililopanda mto Tejo, kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Waziri aliyejulikana baadaye kama Marquês de Pombal aliijenga upya Baixa kwa mitaa iliyopimwa kwa kamba, nyumba zikiwa na kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko. Juu kidogo, kanisa la Carmo limeachwa bila paa hadi leo. Alfama ndiyo iliyonusurika zaidi, ndiyo maana vichochoro vyake vingali vinajipinda kama vya Mji Mkongwe.

Huko Alfama mama apande teksi hadi ngome ya São Jorge, na ashuke kwa teksi pia. Mwenye goti bovu anajua kuwa kushuka ndiko kunakouma. Tramu namba 28 ni ya kupendeza lakini hufurika, na vibaka wanaijua kuliko ninyi. Panda asubuhi mapema, mkoba ukiwa kifuani. Na viatu viwe vya soli inayoshika: njia za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa ambavyo vikilowa huteleza vibaya.

Watoto wamesoma habari za Vasco da Gama shuleni. Tuwapeleke wapi?

Belém, ila si Jumatatu, maana monasteri ya Jerónimos hufungwa siku hiyo. Ilianza kujengwa mwaka 1501 kwa amri ya Mfalme Manuel I, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Kaburi la Vasco da Gama limo humo kanisani, karibu na la mshairi Camões. Mnara wa mabaharia ulio ukingoni mwa mto wengi huudhania wa kale. Huu uliopo ni wa mwaka 1960, enzi ya utawala wa Salazar, nao husimulia upande mmoja tu.

Upande wa pili mtaupata kwenye makumbusho iitwayo Museu Nacional de Arte Antiga, iliyo njiani kati ya Baixa na Belém. Hiyo nayo hufungwa Jumatatu. Nendeni moja kwa moja kwenye Monstransi ya Belém, chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, chenye mitume kumi na wawili wa rangi waliopiga magoti. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi la meli za vita, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi ya dhahabu. Manuel akaagiza dhahabu hiyo ifanywe monstransi. Kazi hiyo ya mfua dhahabu Gil Vicente ilikamilika mwaka 1506, na mfalme akaiachia Jerónimos kwa wosia. Wala hakuna aliyeficha asili yake: maandishi yaliyozunguka kitako yanaitaja Kilwa kwa jina. Waelezeni watoto pia kwamba dhahabu hiyo ilitoka nyanda za Zimbabwe ikashukia Sofala, bandari ambayo biashara yake ilikuwa mikononi mwa Kilwa. Na kwamba kodi haikuwaokoa: mwaka 1505 kikosi cha Mreno Francisco de Almeida kiliipora Kilwa, kisha kikaichoma Mombasa.

Ukibakiwa na nusu siku tu Lisbon, itumie kwenye makumbusho hiyo.

Sisi ni Waislamu. Tutakula nini?

Samaki, na pweza, ambaye Wareno humwoka kwa mafuta ya zeituni hadi analainika. Chunga supu ya kijani iitwayo caldo verde: huwekwa soseji ya nguruwe. Vitobosha navyo uliza kama vina mafuta ya nguruwe. Migahawa halali utaikuta mitaa ya Martim Moniz. Mkate na zeituni zinazoletwa mezani kabla hujaagiza si takrima. Ukivigusa unalipa, usipovitaka vikatae. Kwa Ijumaa, Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha.

Sintra je?

Ni treni ya dakika 40 hivi kutoka stesheni ya Rossio, lakini kasri zake humeza siku nzima. Kwa siku nne, tena na mama, mimi ningeiacha. Ningepanda kivuko Cais do Sodré nivuke hadi Cacilhas, nauli ya usafiri wa kawaida, nikale samaki huku mji wote ukionekana ng'ambo. Mkikaa hadi usiku, ulizieni mapema saa ya kivuko cha mwisho.