Mawe ya al-Hijr na Walioyachonga

 

Ndugu zetu, yameenea baina ya vijana maneno ya kwamba majumba yaliyochongwa katika majabali ya al-Hijr, kaskazini ya Arabuni karibu na mji wa al-Ula, si kazi ya wanaadamu, bali ni athari ya viumbe walioshuka kutoka nyota za mbali. Maneno ya namna hii yalipata nguvu tangu mwaka wa 1968, alipotoa kitabu chake Erich von Däniken wa Uswisi, akidai kuwa kazi kubwa za watu wa kale zatokana na wageni wa mbinguni. Nasi watu wa pwani tusiwacheke sana, kwani gofu likikosa mwenyewe kwetu hupewa majini.

Na tuyatazame mawe yenyewe. Makaburi makubwa yaliyochongwa hapo ni 111, na katika hayo 94 yana nakshi. Baadhi yao yana maandishi kwa khati ya Kinabati, ambayo ndiyo asili ya khati ya Kiarabu, na tarehe zake ni tangu mwaka wa 1 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa hata mwaka wa 75 baada yake. Limo kaburi la mwanamke Kamkam binti Waila, alilolifanya yeye na binti yake kwa ajili yao na dhuria zao. Wamemwapiza mwenye kuliuza au kuliweka rehani, na katika miungu waliowaita yumo Manat, aliyetajwa katika Suratu n-Najm. Je, mtu wa nyota atachelea kaburi lake kuwekwa rehani?

Liko tena Qasr al-Farid, jabali lililosimama peke yake mchangani. Juu limesawazishwa na kupigwa nakshi, na chini lingali gumu, tindo haikulimaliza. Hapo ndipo ijulikanapo kazi ilivyokwenda: fundi alianza kileleni akateremka. Na katika kaburi la Hinat binti Wahbu imefukuliwa mifupa ya watu mfano wetu.

Mtu atauliza: Basi Thamud wako wapi? Jawabu ni kuwa Qurani yatueleza kwamba Thamud walichonga majumba katika majabali, na hadithi imetujulisha kuwa al-Hijr ni nchi yao. Lakini haikutajwa kuwa kila mlango uonekanao leo ni wa mikono yao. Wanabati walikuja baadaye wakakaa nchi ile ile. Mwenye kuchanganya makaburi ya hawa na majumba ya wale amekosa, walakini kosa lake ni dogo kuliko la yule anayewatoa wote katika uanaadamu.

Kwani Mwenyezi Mungu amemwita Nabii Salih kuwa ni ndugu yao Thamud (Suratu l-Aaraf, aya ya 73), wala Nabii hawi ndugu wa viumbe wasio jinsi yake. Walimchinja ngamia kwa mikono kama yetu na kiburi kama chetu. Ukiwafanya watu wa nyota, khabari yao yawa ya kuburudisha barazani, wala haikuhusu wewe.

Mtume (S.A.W.) alipita hapo katika mwaka wa 9 wa Hijra, akienda Tabuk. Masahaba walikuwa wamekwisha teka maji visimani na kukanda unga. Akawaamuru wayamwage maji, na unga ule wawalishe ngamia, na wateke katika kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Salih. Akawakataza kuingia maskani ya waliojidhulumu ila hali ya kuwa wanalia. Akajifunika kichwa, akahimiza mwendo hata akalivuka bonde. Hayo yamepokewa na Bukhari na Muslim kwa Ibn Umar.

Kwa hadithi hii wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameyahesabu maji ya nchi ya Thamud katika maji yaliyo makuruhu kutumia, ila ya kisima cha ngamia. Basi atakayefika al-Ula baada ya hija yake, na asitawadhe kwa maji ya visima vile maadamu apata mengine. Na akitawadha kwayo, udhu wake wasihi pamoja na karaha. Wallahu aalam.