SOMO LA AFYA YA FAMILIA: TUMBO LIKIUGUA, MOYO NAO HUUMIA

Soma kwanza: 1 Wafalme 19:1-8

Mwezi huu tujifunze juu ya viumbe wadogo wanaoishi tumboni mwetu, na jinsi wanavyohusika na afya ya mwili na ya akili. Hapa kambini matatizo ya tumbo ni ya kila siku. Watoto wanaharisha, watu wazima wanakosa choo, na wengine tumbo linawavuruga kila wakisikia habari mbaya kutoka nyumbani.

1. Si kila bakteria ni adui

Tukisikia neno bakteria tunakumbuka kipindupindu na homa ya matumbo. Ni kweli, magonjwa hayo huletwa na bakteria. Lakini wengi wao ni wasaidizi. Wataalamu wanakadiria kwamba mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na chembe za mwili wake mwenyewe. Wengi wanaishi katika utumbo mpana. Kazi zao ni hizi:

a) Huchachusha sehemu ngumu ya maharage, mboga na nafaka ambayo tumbo letu haliwezi kuisaga. Katika kuchachusha hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo.
b) Hutengeneza vitamini K na baadhi ya vitamini za kundi B.
c) Huzuia bakteria wabaya kupata nafasi, kama shamba lililojaa mazao linavyozuia magugu.
d) Huufundisha mwili wa mtoto kutofautisha rafiki na adui.

2. Mapacha wa Malawi

Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofuatilia jozi 317 za mapacha nchini Malawi. Swali lilikuwa hili: inakuwaje pacha mmoja apate kwashakoo, na mwenzake anayekula chungu kimoja naye asipate? Ilionekana kwamba bakteria wa tumboni mwa pacha mgonjwa hawakukomaa ipasavyo. Bakteria wa baadhi ya watoto hao walipowekwa katika panya waliolishwa chakula kama cha Malawi, panya hao walikonda sana.

Watoto walipopewa chakula cha karanga cha matibabu, bakteria wao walianza kubadilika vizuri. Kilipokwisha, walianza kurudi katika hali ya zamani.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, pakiti za karanga zinazotolewa kliniki ni dawa ya mtoto yule aliyeandikiwa. Zisiuzwe sokoni, wala zisigawiwe nyumba nzima. Pili, mtoto akivimba miguu na nywele zikabadilika rangi, tusiseme wazazi wamembemenda, wala tusimtafute mchawi kwa jirani. Maneno hayo yamevunja ndoa za watu, na mtoto akacheleweshwa kufika kliniki.

3. Tumbo na akili huzungumza

Kuna mshipa mkubwa wa fahamu, unaoitwa vagasi, unaotoka kwenye ubongo hadi tumboni. Habari hupita humo kwenda na kurudi. Tena, karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, si kichwani. Kemikali hiyo husaidia utumbo kusukuma chakula, na ile inayotengenezwa katika ubongo inahusika na usingizi na hali ya moyo.

Mwaka 2011 wachunguzi nchini Ireland walilisha panya aina moja ya bakteria wema, na panya wakapunguza woga. Mshipa wa vagasi ulipokatwa, faida hiyo haikuonekana tena. Hao walikuwa panya. Kwa binadamu uchunguzi bado unaendelea. Kwa hiyo akija mtu kuwauzia dawa ya bakteria ya kuponya huzuni, msimpe pesa zenu.

Lakini jambo moja ni hakika: hofu hushuka tumboni. Ndugu anayeharisha au kusokotwa na tumbo baada ya kusikia kijiji chake kimeshambuliwa hajifanyi mgonjwa, wala imani yake haijapungua. Eliya naye alikuwa mkimbizi. Alikaa chini ya mti akaomba afe. Hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akalala, akapewa tena, ndipo akapata nguvu ya safari. Anayekosa usingizi wiki nyingi, au anayetamani kufa, tumsindikize kwa mhudumu wa afya, tusimwache peke yake. Na anayetumia dawa za kifafa au za akili asiziache.

4. Tufanye nini nyumbani?

- Mtoto anyonye maziwa ya mama tu hadi miezi 6. Ndani yake mna sukari maalumu ambayo mtoto hawezi kuisaga; ni chakula cha bakteria wake wema.
- Maharage ya mgao yaloweke usiku, yapikwe yaive sana. Pandeni lengalenga, matembele au sombe hata kwenye gunia karibu na mlango. Hicho ndicho chakula cha bakteria wema.
- Uji uliochachushwa una faida. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba watoto waliopewa uji wa aina hiyo waliharisha mara chache zaidi. Uji hupikwa, ukipoa kidogo huongezwa unga wa kimea, hufunikwa katika chombo safi hadi uwe mchachu. Hatusemi juu ya pombe.
- Msimeze vidonge vya rangi mbili kutoka kibandani kwa kila tumbo linalouma. Antibiotiki huua wabaya na wema pamoja, na kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haviviui. Lakini mganga wa kliniki akiziandika, maliza dozi yote.
- Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ulizia vidonge vya zinki kliniki. Akitoa damu, akilegea au macho yakidumbukia, mpeleke siku hiyo hiyo.
- Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, watu husema nini mtoto akipata kwashakoo? Maneno hayo yanamsaidia mtoto au yanamwumiza?
2. Nani kati yetu ana vidonge vilivyobaki nyumbani? Tuvifanyie nini?
3. Ni jirani gani aliyekaa "chini ya mti" kama Eliya? Nani atampelekea uji wiki hii?