Ukumbi wa Safu Kumi na Tatu: Mtazamaji Ndani ya Mchezo

Aghalabu tunapoichambua tamthilia darasani tunashughulikia maudhui, wahusika na lugha, kisha tunafunga kitabu. Mahali anapoketi mtazamaji hatupaulizii. Huko Opole, mji wa mkoani kusini mwa Polandi, swali hilo lilishughulikiwa kwa dhati.

Mnamo 1959 mwongozaji Jerzy Grotowski na mhakiki Ludwik Flaszen walikabidhiwa ukumbi mdogo mjini humo, ulioitwa Ukumbi wa Safu Kumi na Tatu kwa idadi ya safu za viti vyake. Haukupita muda Grotowski akaziondoa safu zenyewe. Katika Kordian (1962) watazamaji waliketi juu ya vitanda vya hospitali ya wagonjwa wa akili. Katika Doktor Faustus (1963) walikaa mezani, wageni wa Faustus usiku wake wa mwisho.

Onyesho lililo zito kuliko yote, kwa maoni yetu, ni Akropolis la 1962. Stanisław Wyspiański aliitunga tamthilia hiyo mwaka wa 1904 na kuiweka katika kanisa kuu la Wawel, Kraków, ambamo sanamu zinapata uhai usiku wa Ufufuo. Grotowski, akishirikiana na Józef Szajna, msanii aliyenusurika Auschwitz, aliyapanga upya maneno ya mtunzi na kuyahamishia kambini. Maleba yalikuwa magunia yaliyotoboka na viatu vizito vya mbao. Vinyago havikuwapo, kila mwigizaji alikaza misuli ya uso wake hadi ikawa kinyago. Katika harusi ya Yakobo, bibi arusi ni bomba la jiko! Hatimaye wafungwa wanaingia sandukuni mmoja mmoja, kifuniko kinafungwa. Watazamaji wameketi katikati ya hayo yote, lakini hawasemezwi: wao ni walio hai, na wale ni wafu.

Mtindo huu uliitwa drama fukara. Wapo wanaodhani ni ukosefu wa fedha tu. La hasha, Grotowski aliuliza ni nini kinachoweza kuondolewa (vipodozi, mandhari, taa za madoido, muziki wa kurekodiwa) na drama ikabaki drama. Walibaki mwigizaji na mtazamaji.

Mwaka wa 1965 kikundi kilihamia Wrocław, ambako Ryszard Cieślak aliigiza Mwanamfalme Thabiti. Grotowski aliihama nchi mwaka wa 1982, na kikundi kikajivunja mwaka wa 1984.