Dondoo muhimu: Anza na vinavyopimwa kidogo kidogo

Anayetaka kuweka akiba huanza kwa kukata soda na vocha, kumbe fedha nyingi huvujia kwenye mahitaji ya lazima yanayonunuliwa kwa vipimo vidogo. Mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, sukari ya robo: muuzaji huongeza faida yake kila anapofungua dumu au gunia, na ni haki yake. Tuseme kipimo cha mafuta cha shilingi 500 kinakuzidishia 100 juu ya bei ya jumla. Ukinunua kila siku, kwa mwezi ni 3,000, kwa mwaka 36,000, na hayo ni mafuta peke yake.

Utasema mwenye kipato cha siku hana mtaji wa dumu. Ni kweli, ndiyo maana usianze na vitu vyote. Chagua kimoja kisichoharibika upesi, changeni majirani wawili watatu mgawane dumu la lita 20, au subiri zamu yako ya upatu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mkono hulegea mbele ya dumu lililojaa. Basi mimina ya wiki kwenye chupa, dumu likae uvunguni. Na ile 100 unayookoa kila siku itumbukie kwenye kibubu jioni hiyohiyo. Ikibaki mfukoni itapanda bodaboda.