Tuta la Bwawa Linatoa Maji: Je, Tuhame?

Swali: Bwawa letu dogo la kuzuia mafuriko linavuja chini ya tuta. Je, ni hatari?
Msomaji, Dodoma

Jibu: Chota maji hayo kwenye glasi, uyaache yatulie. Tuta la udongo huvuja kidogo. Maji maangavu yasiyoongezeka yanahitaji kufuatiliwa tu. Yakiwa na tope, yanabeba udongo wa ndani ya tuta, na tundu linazidi kupanuka. Hapo wahamisheni walio bondeni siku hiyohiyo, na mpigieni simu mhandisi wa Bodi ya Maji ya Bonde. Kagueni pia utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi: ukizibwa na magogo, mafuriko hupita juu ya tuta na kulikata. Huko Solai, Kenya, bwawa la udongo lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018, likaua watu zaidi ya 40. Tafadhali, msisubiri masika.