Uzito Unaporejea Ghafula: Nasaha kwa Watu wa Nyumbani Baada ya Sikukuu

Kila mwaka, Mfungo Mosi unapoandama na nyumba za mwambao wetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Kilwa, zikafunguliwa kwa Idi na baadaye kwa harusi zilizokuwa zikingoja Ramadhani iishe, hutokea watu wengi, wanawake kwa wanaume, ambao walikuwa wamechunga ulaji wao kwa miezi kadha, wakapungua, wakasifiwa, kisha wakapanda juu ya mizani siku chache baada ya karamu wakakuta kwamba kilo mbili au tatu zimewarudia. Huzuni impatayo mtu saa ile si ndogo, wala haifai kudharauliwa na wenziwe. Kwa kuwa aliyejinyima mahamri ya asubuhi na wali wa samli, na watoto wake wakila mbele yake, huona kwamba taabu yake yote imebatilika kwa siku nne, na aghalabu huzuni hiyo hugeuka hamaki, na hamaki hiyo akaielekeza kwa nafsi yake mwenyewe.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtu huyo na ahali zake, na neno lake kubwa ni hili: karamu ya siku nne haina uwezo wa kubomoa kazi ya miezi, lakini kisasi ambacho mtu hujilipiza baada ya karamu kinaweza.

Kilichoongezeka ni nini

Yafaa tuanze kwa hesabu, maana kwa aliyehuzunika hesabu huwa na faraja. Kilo moja ya shahamu ya mwili wa binadamu huchukua nguvu ya chakula ipatayo kalori 7,700, na mtu mzima wa wastani hutumia kalori 2,000 hata 2,500 kwa siku. Basi adhaniye kwamba ameongeza kilo tatu za shahamu kwa siku nne za Idi, ingempasa awe amekula, juu ya chakula chake cha kila siku, ziada ya kalori zaidi ya 23,000, yaani kila siku ale chakula chake na cha watu wengine wawili na zaidi. Jambo ambalo hata katika walima ya matajiri ni nadra kutokea.

Uzito ule, kwa sehemu yake kubwa, ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na akiba hiyo, ambayo kwa mtu mzima hufikia gramu 400 hata 500, haikai kavu, bali kila gramu yake hufuatana na maji kadiri ya gramu tatu. Mwenye kushika miko ya chakula huwa ameipunguza akiba hiyo. Ajapo kula biriani, mkate wa kumimina, tambi za sukari na kaimati kwa siku mbili tatu, akiba hujaa tena, na maji hufuata, na kilo mbili hupatikana pasipo shahamu kuzidi ila kidogo. Chumvi nayo huyashika maji mwilini, na vyakula vya sherehe, pamoja na achari na vitafunio vya dukani, huipita upesi kadiri iliyoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo ni chini ya gramu tano kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha siku. Kwa wanawake kuna jambo jingine la kuzingatia, kwamba siku chache kabla ya hedhi mwili wa wengi wao hushika maji, na mizani hupanda kwa kilo moja hata mbili bila ya mtu kubadili chochote katika ulaji wake.

Maji hayo huondoka yenyewe, kwa siku kadha hata juma moja au mawili, mtu arudipo katika desturi yake. Na insafu yatudai tuseme upande wa pili pia, kwamba wepesi ule wa juma la kwanza la kujinyima, ambao watu huusimulia kwa furaha, nao ulikuwa maji kwa sehemu kubwa. Aliyefurahi mno wakati ule ndiye atakayehuzunika mno wakati huu, na mizani ilimdanganya mara zote mbili.

Kisasi cha mtu juu ya nafsi yake

Aliyehamaki kwa sababu ya uzito hufuata mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza husema, "Maadamu nimeshaharibu, na niharibu kabisa, nitaanza upya Jumatatu," akaendelea na halua na soda mpaka Jumatatu hiyo imekuwa ya mwezi ujao. Wa pili hujihukumu adhabu: asubuhi hunywa chai ya mkandaa, mchana hushinda kwa maji ya moto na ndimu, usiku hulala na njaa, na siku ya tatu hujikuta saa tano ya usiku yuko mbele ya chungu cha wali uliopoa, anakula kwa haraka na kwa siri, bila ladha wala shukrani, kisha majuto, kisha njaa nyingine. Katika hao wawili, wa pili ndiye tumwoneaye huruma zaidi, kwa sababu yeye huamini kwamba anajirekebisha.

Jambo hili lilichunguzwa huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945, wakati vita vikuu vilipokuwa vikielekea kwisha na ikawa haja kujua namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na njaa. Mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliojitolea, wenye siha ya mwili na akili, akawapunguzia chakula kwa majuma 24 mpaka wakapoteza kadiri ya robo ya uzito wao. Vijana wale wakawa fikira zao zimetekwa na habari za chakula, baadhi yao wakakusanya vitabu vya mapishi, wakawa wepesi wa hasira na wenye huzuni. Na waliporuhusiwa kula watakavyo, walikuwapo waliokula kupita kiasi na bado wakahisi njaa. Na katika zama zetu hizi, utafiti uliofanywa Melbourne, Australia, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watu waliopunguza uzito kwa kujinyima sana kwa muda wa majuma 10, hata ulipopita mwaka mzima, homoni za damuni zenye kuamsha njaa zilikuwa bado hazijarudia hali yake ya awali.

Kwa hiyo njaa ya mtu aliyepungua uzito ni njaa ya kweli, imetoka mwilini, na mwenye nayo asiitwe mlafi, wala asihukumiwe kwamba amekosa azma au imani. Anayejua hivyo hupata nafasi ya kutuliza moyo kabla ya kutenda. Ghadhabu ikipanda, mizani na iwekwe kabatini kwa juma zima. Aliye na huzuni na amwambie mtu mmoja anayemwamini, dada au mume au shoga wa siku nyingi, maana jambo linalosemwa kwa sauti hupungua ukali. Na usingizi alioupoteza kwa kukesha katika mikesha ya Ramadhani na ngoma za harusi na aulipe kwanza, kwa kuwa mtu asiyelala vya kutosha huongezeka njaa na hupenda zaidi vyakula vya sukari. Ama yule ambaye kula kwa siri kumekuwa desturi yake, au anayejitapisha, au anayekunywa dawa za kuharisha ili apungue, huyo ana maradhi yenye tiba, na apelekwe hospitali kwa upole na bila ya kuaibishwa.

Tena tunapenda msomaji azingatie habari moja ambayo kwetu sisi ndiyo yenye faraja kuliko zote. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa karibu na kupata kisukari waligawanywa makundi, na kundi moja likafundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi kwa dakika 150 kila juma. Katika kundi hilo kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kuliko katika kundi lililopewa dawa bandia. Miaka ikapita, na wengi wao uzito ukawarudia kwa sehemu. Hata hivyo, ilipotimu miaka ipatayo 10, kundi lile lilikuwa bado na kisukari pungufu kwa asilimia 34. Taabu ya mtu aliyepungua kisha akaongezeka haikwenda bure.

Marejeo

Kurudi huanza kwa mlo unaofuata, na si Jumatatu, wala si mwanzo wa mwezi. Mlo huo uwe wa kawaida, wala usipunguzwe kwa nia ya kulipa deni la jana: nusu ya sahani mboga, kama mchicha, kisamvu, matembele au bamia, robo yake samaki, dagaa, kunde, choroko au maharage, na robo iliyobaki wali, ugali, muhogo au ndizi. Mtu asiruke chakula cha asubuhi kisha ajisifu. Afadhali ale kiazi kitamu cha kuchemsha na yai kuliko kungoja adhuhuri akiwa hana uwezo tena wa kuchagua.

Sukari ya kunywa ndiyo ya kwanza kuondolewa, kwa sababu haishibishi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 au zaidi, na anayetia vijiko vitatu katika chai, akanywa vikombe vitatu kwa siku, amekwisha kula gramu kama 36 kabla ya kugusa kitafunio, hali ya kuwa Shirika la Afya Duniani lapenda sukari ya nyongeza isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Kijiko kimoja kikipunguzwa kila juma, ulimi huzoea.

Wengi hufunga sita katika Mfungo Mosi, na ni ibada njema. Lakini asifunge mtu kwa nia ya kujiadhibu kwa ajili ya uzito, na mwenye kisukari amshauri tabibu wake kwanza. Mizani ikitolewa kabatini, itumike mara moja kwa juma, siku ile ile, asubuhi baada ya kwenda msalani na kabla ya kula. Na kando yake uwepo utepe wa kupimia kiuno, kwa kuwa kiuno hakichezewi na maji kama mizani. Mwanamke akizidi sentimita 80, au mwanamume 94, hatari ya maradhi huanza kupanda. Mjamzito haimpasi kujinyima chakula kwa ajili ya uzito hata kidogo.

Tunawaonya watu, kwa msisitizo wote tulio nao, wajiepushe na vidonge na majani ya chai ya kukondesha yauzwayo mikononi. Nyingi katika biashara hizo ni dawa za kuharisha zinazotoa maji tu, na baadhi zimekutwa zimetiwa kwa siri sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake juu ya moyo.

Uzito usiotokana na karamu

Si kila uzito wa ghafula ni wa sahani. Zipo dawa zenye kuuongeza: prednisolone, insulini, sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za maradhi ya akili, na dolutegravir itumiwayo na wenye virusi vya Ukimwi. Mwenye kutumia hizo asiziache kwa shauri lake. Aende akamweleze aliyempa. Mtu anayenenepa huku akihisi baridi, uchovu, ngozi kavu na kufunga choo, na apimwe tezi ya shingo. Aliyeongezeka zaidi ya kilo mbili kwa siku mbili tatu, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi alalapo, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda ni moyo au figo. Na mjamzito aliyevimba uso na mikono, kichwa kikamuuma sana, macho yakaingia ukungu, asingoje kupambazuke.

Chungu ni kimoja

Katika nyumba zetu chakula hupikwa katika chungu kimoja na aghalabu huliwa katika sinia moja, na kumtaka mtu mmoja ashike miko peke yake mbele ya sinia hiyo ni kumtwika mzigo usio wa haki. Mpishi akitumia tui jepesi mahali pa tui zito, akapima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka chupani, maana kijiko kimoja cha mezani kina kalori zipatazo 120, wote watakuwa wamepata siha bila ya kuambiwa neno. Ndimi nazo zina sehemu yake. Wako waambiao, "Mashallah, umenawiri," na wako wasemao, "Mbona umefutuka hivi, shoga, ile dayati imekwenda wapi?", maneno haya na yale, hata yakisemwa kwa mapenzi, humrudisha mtu mbele ya mizani kwa hofu, na mwenye hofu hujificha, na ajifichaye hukosa hata kwenda kliniki.

Twawaomba basi wakubwa wa nyumba: jioni ya leo ipikwe mboga nyingi kuliko wali, soda isiletwe mezani, mtu asiulizwe amepungua au ameongezeka kilo ngapi, na baada ya kula watakaoweza watoke pamoja kutembea nusu saa. Aliyerudiwa na uzito apewe sahani yake kamili, aketi na wenziwe, ale.