Motokaa ya Dizeli kwa Fedha Kidogo

Watu wengi wa kwetu Simiyu husadiki kwamba motokaa ya dizeli ni nafuu kuliko ya petroli, nao wakiulizwa sababu hujibu, "Haili mafuta." Neno hilo lina kweli ndani yake, walakini si kweli yote. Gari la dizeli humfaa mtu mmoja na humfilisi mwingine. Tofauti yao si utajiri wala umaskini, bali ni urefu wa njia anayopita kila mwaka, na hali ya injini siku ile anapoinunua. Nataka kuyaeleza mambo hayo mawili hapa, maana jamaa za wanafunzi wengi wa shule hii huuza pamba kuanzia Mei na Juni, na fedha ya pamba ikishaingia nyumbani, wauzaji wa magari hawachelewi kupata habari.

Kwanza tuijue injini yenyewe. Aliyeibuni ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa Augsburg mwaka 1897, nayo ilikuwa kubwa kama nyumba ndogo. Haikuingia katika magari madogo upesi: Mercedes-Benz 260 D, moja ya motokaa za kwanza za abiria zenye dizeli, ilionyeshwa mwaka 1936.

Katika injini ya petroli, hewa na mafuta huingia pamoja, hubanwa na pistoni mpaka kiasi cha sehemu moja ya kumi, kisha plagi hutoa cheche. Katika dizeli hakuna cheche. Hewa peke yake hubanwa mpaka karibu sehemu moja ya ishirini, nayo kwa kubanwa hivyo hupata moto zaidi ya digrii 500. Ndipo nozo inaponyunyiza mafuta, nayo yakawaka yenyewe. Aliyewahi kujaza upepo katika tairi la baiskeli amehisi jinsi pampu inavyopata joto mkononi. Jambo ni lile lile.

Hapo hutokea faida na hasara zote. Kwa kuwa hewa hubanwa sana, mafuta hutoa kazi nyingi zaidi, na lita moja ya dizeli yenyewe ina nguvu kuliko lita ya petroli. Tena, injini hujengwa nzito ili istahimili, kwa hiyo hudumu. Lakini kila kitu hutegemea kubana. Ringi zikilegea, vali zikivuja, gasketi ikiungua, hewa haipati joto la kutosha na gari haliwaki asubuhi. Na pampu na nozo za dizeli ni vyombo vya kipimo chembamba. Matengenezo yake si ya kufanyiwa chini ya mwembe.

Haya, tufanye hesabu. Bei ya mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, nayo hupanda na kushuka. Kwa urahisi tuseme lita ya kila aina ni shilingi 3,000. Tuseme gari la petroli la familia huenda kilometa 8 kwa lita, na la dizeli la ukubwa ule ule kilometa 10. Mtu anayekwenda kilometa 4,000 kwa mwaka atatumia lita 500 za petroli au lita 400 za dizeli. Dizeli imemwokolea shilingi 300,000. Ikiwa gari la dizeli limemzidi bei la petroli kwa shilingi 2,000,000, itamchukua zaidi ya miaka sita kuzirudisha, na nozo zikiharibika katikati ya miaka hiyo, hazirudi kamwe. Mtu huyo, mathalani mwalimu anayekaa Bariadi mjini na kazi yake iko mjini, anunue petroli.

Nyumbani kwetu hesabu ilikuwa nyingine. Sisi tunakaa upande wa Itilima, kilometa 35 kutoka Bariadi. Tupo watu tisa, na Bibi hupelekwa kliniki Bugando, Mwanza, kila mwezi. Safari tatu za Bariadi kila juma ni kilometa 210, yaani 10,920 kwa mwaka. Mwanza kwenda na kurudi si chini ya kilometa 400, na mara 12 ni 4,800. Jumla yapata 15,720. Kwa kilometa 15,000 tu, petroli ingekula lita 1,875, dizeli lita 1,500. Tofauti ni shilingi 1,125,000 kwa mwaka, na ile ziada ya bei hurudi kabla ya miaka miwili kwisha. Kwa hiyo dizeli ilitufaa, kwa sharti kwamba injini iwe nzima.

Sharti hilo ndilo lililotunyima usingizi likizo ya Juni. Fedha yote ilikuwa shilingi 13,000,000. Sehemu ilikuwa ya pamba ya misimu miwili, na sehemu ilitokana na maksai sita ambao Babu alikubali wauzwe. Maksai wale ndio waliokuwa wakivuta plau. Gari likifa mwaka wa kwanza, msimu ungekuja hatuna gari wala jembe la kukokotwa. Baba yangu, ambaye mnadani hanunui ng'ombe bila kutazama meno, alisema kwamba gari nalo lina meno yake, na kazi yetu ni kujua yako wapi. Basi nikaandika katika daftari yale tuliyofundishwa darasani, nikaongeza yale ya fundi mmoja wa Bariadi aliyekubali kufuatana nasi kwa ujira wa siku moja.

Jino la kwanza ni baridi. Injini ya dizeli ikaguliwe kabla haijawashwa siku hiyo. Muuzaji akijua unakuja saa nne, ataiwasha saa tatu, nayo ikiwa moto hata injini mbovu huwaka upesi. Weka mkono juu yake kabla hujasalimiana sana. Gari la kwanza tulilolitazama lilikuwa zuri mno, la tabo, rangi yake ikimeta, na bei yake shilingi 12,800,000. Aina yake siitaji. Baba Mdogo alilipenda tangu mbali. Mkono ukakuta injini ina joto. Baba hakugombana na mtu. Aliaga kwa heshima akasema tutarudi kesho alfajiri, na alfajiri tulikuwa mlangoni. Siku hiyo lilizungushwa stata muda mrefu sana, kisha likatoa moshi mweupe usiokwisha.

Moshi ndio jino la pili. Mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa: huenda ni chujio la hewa lililoziba tu, huenda ni nozo. Wa buluu ni oili inayoungua, yaani ringi zimechoka, au tabo inavuja. Mweupe asubuhi kwa muda mfupi si kitu, lakini ukiendelea injini ikishapata moto, ama mafuta hayaungui sawasawa, ama maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda. Hapo tazama rejeta, injini ikiwa imepoa (asiifungue mtu ikiwa ya moto, atababuka uso), uone kama kuna oili inayoelea ndani ya maji. Silinda hedi za dizeli nyingi hupasuka gari likichemka. Sisi wa nchi ya joto na vumbi lazima tuulize habari za rejeta kabla ya habari za redio.

Jino la tatu: injini ikinguruma, fungua kifuniko cha oili. Hewa kidogo kutoka si ajabu. Lakini ikipuma kwa nguvu na kurusha kifuniko, hewa inapita kando ya pistoni, na injini hiyo inataka kufunguliwa yote.

Kilometa zinazosomwa mbele ya dereva usizitegemee, kwani hurudishwa nyuma. Tazama pedeli zilivyolika, usukani ulivyong'aa, na kiti cha dereva kilivyobonyea. Gari linalodai kilometa 80,000 na pedeli zake zimekwisha mpira, limesema lenyewe.

Sasa neno la aina za injini, maana hapa ndipo Baba na Baba Mdogo walipobishana siku mbili. Injini za zamani za Toyota zisizo na tabo, kama 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0 zilizomo katika Hiace na Hilux, hazina mbio, na mlimani huenda polepole kama mzee. Lakini pampu yake huendeshwa kwa mkanda, na mafundi wengi wanaijua. Spea zake hupatikana Mwanza bila kuagizwa mbali, kwa kuwa Hiace zimebeba abiria nchi hii miaka mingi. Injini mpya zaidi, zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hunyunyiza mafuta kwa nguvu inayozidi mara 1,000 ile ya hewa, zikiongozwa na umeme. Zina nguvu, hazina kelele, na hula mafuta kidogo. Lakini nozo moja ikiharibika, bei yake yaweza kumtoa mtu machozi, na uchafu mdogo au maji katika mafuta hutosha kuiharibu. Baba Mdogo alisema kwamba dunia inakwenda mbele. Ni kweli, lakini vijiji vingi bado hutumia mafuta ya madumu, na mwenye fedha kidogo hana budi kununua kile ambacho fundi wa karibu anaweza kukitengeneza.

Alitaka pia gari la kuvuta magurudumu yote manne, kwa sababu ya udongo wetu mweusi. Mvua za Machi zikianza, udongo ule huganda katika tairi mpaka tairi haionekani. Hoja yake ilikuwa na uzito, lakini magari hayo yana gia zaidi, uzito zaidi na bei zaidi, na siku zenyewe ambazo njia haipitiki si nyingi. Babu alisema siku hizo hata ng'ombe angevua viatu kama angekuwa navyo. Barabara ya Bariadi hadi Lamadi, kiasi cha kilometa 70, ina lami, na ndiyo tunayoipita kwenda Mwanza.

Tulichukua Hiace ya 5L kwa shilingi 10,500,000. Mlango wake mmoja umebonyea na viti vimechanika, lakini iliwaka alfajiri kwa mzunguko mmoja. Zilibaki shilingi 2,500,000, nazo hatukuzigusa kwa viti wala rangi. Yeyote anayenunua gari lililotumika aweke akiba ya namna hiyo. Injini za 3L na 5L zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000, na ukikatika njiani, pistoni hugonga vali. Kwa kuwa hakuna aliyejua ulibadilishwa lini, ulibadilishwa siku ya pili, pamoja na oili, vichujio vyote na tairi mbili.

Habari ya karatasi nitaisema kwa ufupi. Herufi za namba ya gari, kwa mfano T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, hufuata mpangilio wa alfabeti kwa jinsi magari yanavyosajiliwa Tanzania. Hazionyeshi mwaka lilipotengenezwa. Gari lenye namba mpya laweza kuwa na umri mkubwa. Kadi ya gari ilinganishwe na namba ya chasisi na ya injini kwa macho, na jina lililomo liwe la huyo anayeuza. Kama kadi iko benki kwa sababu ya mkopo, usitoe hata shilingi. Faini za barabarani zinazodaiwa hutafutwa kwa namba ya gari katika intaneti. Malipo ya mwisho yafanyike pamoja na kuhamisha umiliki katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, si baadaye. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, basi muuzaji asikudai fedha kwa jina hilo.

Mwisho ni mafuta yenyewe. Dizeli ina ulaini unaolainisha pampu, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huila pampu taratibu bila kelele. Kwa ajili ya udanganyifu huo serikali ilianza kutia alama katika mafuta mwaka 2010. Nunueni katika kituo chenye pampu na risiti. Na chini ya chujio la dizeli katika magari mengi kuna kizibo kidogo cha kutolea maji. Kifungueni kila mwezi juu ya kikombe, mtazame kilichotoka. Kwetu kazi hiyo amepewa mdogo wangu wa darasa la sita, naye huandika tarehe na kiasi cha maji ukutani kwa mkaa.